Darasa la wazee wa miaka 60 na kuendelea: wanaanza wengi, wiki ya tatu wanapungua. Nirekebishe wapi?

MwezeshajiKata (Morogoro)

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu wa elimu ya watu wazima, hasa darasa la wazee watupu.

Darasa lina watu 22, umri miaka 60 hadi 78, wanawake 15. Siku ni Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja, ndani ya darasa la shule ya msingi watoto wakishaondoka. Baraza la wazee lenyewe ndilo lililoomba mambo mawili: kusoma na kuandika, na kutumia simu. Sita hawajui herufi hata moja, kama kumi wanasoma kwa kusuasua, waliobaki wanasoma vizuri. Simu ni vitochi (simu ndogo za vitufe) pamoja na simu janja za zamani walizoachiwa na watoto wao.

Masomo yalianza na irabu, kisha ba be bi bo bu, kama kitabu cha darasa la kwanza kinavyokwenda. Wiki ya kwanza palijaa. Wiki ya tatu wamebaki 13, na hao wanalalamika kwamba cha Jumanne kinakuwa kimeshapotea ikifika Alhamisi. Fedha ya vifaa haizidi shilingi laki mbili. Nianzie wapi? Na je, kusoma na simu vifundishwe pamoja au kila kimoja peke yake?

---

MwlKisomo

Mwezeshaji, hongera kwa kazi. Kabla ya kugusa mtaala, wapime upya, maana hao kumi wanaosuasua si wanafunzi wapya. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa kisomo nchi nzima. Mzee wa miaka 75 leo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati ule. Wengi wao walikaa kwenye madarasa ya kisomo, wakafika hatua fulani, kisha wakakosa cha kusoma. Ujuzi wao umelala. Ukimrudisha mtu huyo kwenye a, e, i, o, u kwa wiki tatu unamwambia bila kusema kwamba hana alichonacho, na hapo ndipo anapoanza kuwa na udhuru wa shamba na wajukuu.

Upimaji usiwe mtihani. Kaa na mmoja mmoja dakika tano, nje ya darasa, umpe vitu vinne: kadi yake mwenyewe ya NIDA (kitambulisho cha taifa), bahasha ya dawa, risiti ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) na ujumbe mmoja mfupi wa simu. Muulize, "Hapa pameandikwa nini?" Anayesoma jina lake tu ni kundi la kwanza. Anayesoma tarakimu na maneno mafupi ni la pili. Anayesoma ujumbe wote na kukueleza maana yake ni la tatu. Andika kwenye daftari lako, usimtangazie mtu kundi lake.

Vitu hivyo vinne ndivyo pia vitabu vyako vya kiada kwa miezi mitatu. Kila kimoja kina somo ndani yake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mzee anayetafuta mwaka wake wa kuzaliwa kwenye kadi yake anasoma tarakimu kwa hamu ambayo hutaipata ubaoni. (Kila mtu na kadi yake. Usiinakili namba ya mtu yeyote ubaoni.) Tokeni ya LUKU nayo ina tarakimu 20, huandikwa nne nne. Wafundishe kusoma nne, kuzibonyeza, kuweka kidole hapo walipofika, ndipo waendelee na nne nyingine. Kosa linalojirudia ni kuruka kundi zima, kwa sababu jicho likitoka kwenye karatasi kwenda kwenye mita na kurudi linatua mstari mwingine. Kipande cha karatasi ngumu kinachofunika makundi yaliyobaki kinamaliza tatizo hilo.

Bahasha ya dawa ndiyo muhimu kuliko zote. "1x3" maana yake kidonge kimoja mara tatu kwa siku, "2x2" ni viwili mara mbili. Wapo wanaosoma 1x3 kama vidonge vitatu kwa mkupuo. Tenga vipindi viwili vizima kwa jambo hili: bahasha tupu, punje za mahindi badala ya vidonge, kila mtu apange dozi ya siku moja mezani, asubuhi, mchana, usiku. Utaona mara moja nani ameelewa na nani anaitikia tu.

Kwa wale sita wasiojua herufi, achana na orodha ya ba be bi bo bu isiyo na kichwa wala miguu. Anza na neno zima wanalolihitaji, ulivunje. Mfano "simu": si-mu. Hapo unapata sa se si so su na ma me mi mo mu, na kwa silabi hizo kumi tayari wanaunda soma, sema, sima, sumu, simama, masomo. Neno la pili liwe "dawa": da-wa. Ukijumlisha unapata sawa, mawe, dada, wewe. Ndani ya wiki mbili mtu asiyejua herufi anatofautisha kopo lililoandikwa dawa na lililoandikwa sumu, na hilo litamfanya arudi. Usilete b mpaka d iwe imekaa, angalau wiki mbili baadaye, la sivyo zitachanganyika. Vivyo hivyo m na n. Silabi za ng', ng, ny, dh na th ziwe za mwisho kabisa.

Kuhusu kusahau: kila kipindi kianze na dakika 15 za kukumbuka cha kipindi kilichopita, vitabu vikiwa vimefungwa. Usiwasomee tena, waulize. Wakikwama, ngoja. Ukimya wa sekunde kumi darasani unaonekana mrefu kwa mwalimu, lakini mzee anautumia kutafuta. Waalimu wengi vijana hujibu wenyewe baada ya sekunde mbili, kisha wanasema wazee hawakumbuki. Na kipya kiwe kimoja tu kwa siku.

---

MuuguziMacho

Nakubaliana na MwlKisomo, ila naongeza jambo ambalo lingepaswa kutangulia: hujasema umewapima macho. Kwa umri huo karibu kila mtu hana uwezo wa kuona maandishi ya karibu bila miwani, hata kama anaona ng'ombe kule ng'ambo ya bonde. Mtu ambaye haoni herufi hatasema "sioni", atasema "siwezi kusoma", na mwezeshaji ataandika kwamba ni mgumu kuelewa.

Sehemu kubwa ya fedha yako iende kwenye miwani ya kusomea. Nunua mchanganyiko wa +1.50, +2.00, +2.50 na +3.00, kwa miaka 60 na kuendelea +2.50 ndiyo itakayotumika zaidi. Kupima: mtu akae kawaida, karatasi iwe sentimita 40 kutoka machoni, urefu wa kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni hivi. Anza na namba ndogo, panda. Ya kwanza inayomwonyesha vizuri ndiyo yake. Usimpe kali zaidi kwa sababu "inakuza", itamlazimu kuinama na kichwa kitauma. Asiyejua kusoma mpe sindano na uzi, au achambue mchele kwenye ungo. Waambie wasitembee nayo, maana ngazi na mashimo yanaonekana yamesogea, na watu huanguka.

Miwani haitibu kila kitu. Mwenye ukungu mweupe kwenye mboni, jicho moja lililofifia, maumivu, anayeona duara za rangi kuzunguka taa, au mwenye kisukari ambaye hajachunguzwa macho, mwelekeze kliniki ya macho. Mtoto wa jicho anaondolewa kwa upasuaji, na hakuna miwani ya dukani itakayomsaidia kabla ya hapo.

Masikio nayo. Uzeeni sauti nyembamba ndizo zinazotoweka kwanza: s, f, sh, th. Kwa Kiswahili hilo lina madhara mahususi. "Sita" na "tisa", "sitini" na "tisini" zinasikika karibu sawa kwa mtu wa namna hiyo. Ukitaja namba kwa mdomo, onyesha na vidole au iandike. Usipige kelele, kelele inaongeza ukubwa wa irabu tu, konsonanti zinabaki pale pale. Sema polepole kidogo, sauti nzito, uso wako ukiwaelekea. Usizungumze huku umegeukia ubao, wala usisimame na dirisha nyuma yako, kwa sababu midomo yako inakuwa kivuli na wengi wanaisoma bila wao wenyewe kujua. Mvua ikipiga bati, acha kuhutubia, wape zoezi la kuandika. Kama mmoja ana sikio lililoziba, huenda ni nta tu: zahanati wanaosha. Mkataze kutumia njiti na ufunguo.

Halafu hayo madawati ya watoto. Mtu mwenye magoti mabovu akikaa chini vile kwa saa mbili hainuki. Viti vyenye mgongo, kimo cha sentimita 45 hivi, hata vya kuazima kanisani au msikitini. Mpangilio nusu duara, safu moja, mbili zikizidi. Herufi za ubaoni zisipungue sentimita 5. Ubao uliopauka upakwe upya, hiyo ni kazi ya saa moja. Karatasi za kuchapa ziwe pointi 18, nyeusi juu ya nyeupe isiyong'aa, na usiandike kila kitu kwa herufi kubwa.

Saa mbili mfululizo pia hapana. Wengi wako kwenye dawa za presha, na baadhi ya dawa hizo zinapeleka chooni mara kwa mara. Mzee asiye na uhakika wa choo kilicho karibu haji kabisa, na hatakwambia sababu. Dakika 45, mapumziko 20, dakika 45. Choo kiwe na ufunguo mkononi mwako, si kwa mlinzi aliyeondoka saa nane. Chai iwepo, sukari iwekwe pembeni kila mtu ajihudumie, na pawe na kitafunwa kwa wenye kisukari.

---

WakalaMkongwe

Upande wa simu. Kanuni ya kwanza: usiishike simu ya mzee. Ukiichukua ukamfanyia, amejifunza kwamba kuna mtu wa kumfanyia. Mikono yako iwe nyuma, elekeza kwa kalamu.

Kipindi cha kwanza ni marekebisho tu. Lugha ya simu iwe Kiswahili. Maandishi yakuzwe. Muda wa skrini kuzimika utolewe kwenye sekunde 30 upelekwe dakika 2 au zaidi. Mtu anayefikiri kabla ya kubonyeza anazimikiwa katikati, kisha anadhani ameharibu simu. Ingia sehemu ya ufikivu utafute muda wa kugusa na kushikilia, uuweke "mrefu". Kidole cha mzee hukaa kwenye kioo kirefu zaidi, na simu inadhani ameshikilia: alama zinaanza kutikisika, zinahama, zinafutika. Lawama nyingi za "simu yangu ina jini" ni hiyo. Ngozi kavu nayo husababisha kioo kisihisi mguso, kwa hiyo weka kitambaa chenye unyevu mezani wapanguse vidole.

Kipindi cha pili, kupokea simu. Usicheke, hili linakula saa nzima. Kwenye simu nyingi za Android kile kiduara cha kijani hakibonyezwi, kinavutwa. Wao wanabonyeza, hakijibu, wanabonyeza tena kwa nguvu. Wapigiane wao kwa wao mpaka mkono uzoee.

Kisha ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa makundi yote, hata wasiojua herufi: shikilia alama ya kipaza sauti, ongea, achia. Wenye vidole vinavyotetemeka wafundishe kushikilia na kupandisha juu mpaka kufuli lijifunge, waongee mikono ikiwa huru, wamalizie kwa kubonyeza kutuma.

Pesa iwe ya mwisho, na ifundishwe hata kwa wenye kitochi. Shida kubwa ya menyu ya M-Pesa, *150*00#, na wenzake wa mitandao mingine ni kwamba ina muda. Ukichelewa inakata, unaanza upya. Kwa hiyo kila mtu aandike kwanza kwenye karatasi: namba ya anayetumiwa, kiasi, jina la mwenye namba. Ndipo apige. Chora menyu kwenye karatasi za manila, ukurasa mmoja kwa kila hatua, wapitie ukutani kabla ya kugusa simu. Halafu watumiane shilingi 1,000 ya kweli. Zoezi la kuigiza halifundishi kuangalia jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Hapo ndipo wasimame, walisome jina kwa sauti, wathibitishe. Na wasikariri "moja, nne, mbili". Mtandao ukibadilisha mpangilio wa menyu, aliyekariri anapotea, anayesoma neno "Tuma pesa" anaendelea. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako: pamoja.

Utapeli wafundishe kwa ujumbe halisi. Bandika ukutani ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii", bandika na ujumbe wa kweli wa mtandao kando yake. Ujumbe wa muamala wa M-Pesa unatoka kwa jina M-PESA, hautoki kwenye namba ya mtu. Mtu akipiga kwamba amekosea kutuma, mzee asirudishe chochote: kwanza aangalie salio lake kwenye menyu, si kwenye ujumbe, kisha amwambie mpigaji awasiliane na mtandao wake. Yeye mwenyewe akiwa na shaka apige 100, huduma kwa wateja. Namba ya tapeli anaituma kwenda 15040. Na *106# wajue kuitumia kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao.

Namba ya siri ni jambo zito kwa sababu mara nyingi mjukuu ndiye anayeijua. Usimseme mjukuu mbele ya darasa. Fundisha kubadilisha namba ya siri kama somo la kawaida, wote siku moja, na kila mmoja ataamua la kufanya nyumbani kwake.

---

MwezeshajiKata (Morogoro)

Nashukuru sana wakuu, haya ni mambo ya kutekelezeka. Nina mawili zaidi. Namsahihishaje mzee anayenizidi umri maradufu bila kumvunjia heshima? Na wale wanaosoma vizuri wanajibu kila swali, wengine wananyamaza.

---

Ngumbaru254 (Nakuru)

Salamu kutoka huku. Madarasa ya ngumbaru (ya watu wazima wanaojifunza kusoma) yana mambo yale yale.

La kusahihisha: usimpeleke mzee ubaoni, na usimnyooshee kidole kwa jina bila yeye kujitolea. Kazi zifanywe wawili wawili, wewe uzunguke. Ukikuta kosa, keti kando yake, usiinamie kutoka juu, umwambie, "Hebu tulitazame tena hili pamoja, bibi." Weka kidole chini ya silabi yenyewe, si neno zima. Mara nyingi ataliona mwenyewe. Akilikosa tena, lisome wewe, naye alirudie, mwendelee. Kosa linalofanywa na watu wengi lipeleke ubaoni kama lako, bila jina. Na usisifie ovyo. Mtu wa miaka 70 anajua akisifiwa kama mtoto, na inamuudhi kuliko kusahihishwa. Sema kilichotokea: "Juzi ulisoma tarakimu nne, leo umesoma zote ishirini."

Salamu usizifupishe. Shikamoo kwa kila mmoja anapoingia, kwa jina analotaka kuitwa, iwe ni Mama fulani au Mzee fulani. Muulize siku ya kwanza, uandike.

Wanaojibu kila swali wafanye wasaidizi, ila kwa sharti: msaidizi anauliza, hajibu. Mkabidhi watu wawili wa kundi la pili, si wa kundi la kwanza. Tofauti ikiwa kubwa mno anachoka na kuanza kuwasomea. Wale sita wa mwanzo wabaki na wewe dakika 45 za kwanza.

Sasa napingana kidogo na WakalaMkongwe. Pamoja ni sawa kwa wanaosuasua. Kwa hao sita, simu na herufi siku moja ni mzigo. Wapeni sauti ya WhatsApp na kupokea simu tu, pesa isubiri mpaka wasome tarakimu bila kukwama. Mtu asiyetofautisha 6 na 9 akitumiana pesa ya kweli ataumia, na mmoja akiumia darasa zima litaogopa.

Na muulize kila mmoja anataka kusoma nini hasa. Mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, alikuwa na sababu zake: kuisoma Biblia mwenyewe na kujua kuhesabu hela yake. Wako mmoja atakuwa na Kurani yenye tafsiri, mwingine kitabu cha kikundi cha kuweka na kukopa. Dakika kumi za mwisho za kipindi ziwe za kitu hicho cha mtu binafsi. Wale tisa walioacha, nenda nyumbani kwao na swali hilo hilo, usiende na swali la "mbona huji".

---

MwlKisomo

Ngumbaru254 ana hoja kuhusu wale sita, nakubali wasubiri upande wa pesa.

Mwezeshaji, nimalizie na ratiba, maana ndiyo inayoua madarasa mengi. Saa tisa alasiri chini ya bati ni joto, na akina bibi wanawapokea wajukuu kutoka shule. Kama unaweza kupata ukumbi mwingine, hamia saa tatu mpaka saa tano asubuhi. Epuka siku ya gulio. Wajukuu wadogo wakubaliwe, tandika mkeka nyuma, wape karatasi wachore.

Ununuzi kwa fedha hiyo: miwani kwanza, kisha penseli za 2B (zinaandika nyeusi kuliko HB bila kukandamiza), manila, kalamu nene nyeusi, chupa mbili za chai. Madaftari ya mistari ya kawaida yanatosha, waandike wakiruka mstari. Mwenye vidole vilivyokakamaa mzungushie penseli kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli mpaka inenepe kama kidole gumba, atashika bila maumivu.

Masika yakianza usilazimishe siku mbili. Punguza iwe moja, na kila mtu aondoke na kadi moja yenye maneno matano ya kusoma nyumbani, ambayo kipindi kijacho kinaanza nayo. Posho usiahidi hata kwa mzaha. Msiba ukitokea kijijini, ahirisha mapema na utaje hapo hapo siku ya kufidia. Ukisema "tutaarifiana", kipindi kinachofuata wanakuja nusu.